Fundi rangi aliyehesabu kuta akausahau mlango

Saa moja na robo asubuhi, ndani ya chumba ambacho mpangaji wake alihama jana, mama mmoja amepiga magoti nyuma ya mlango anasugua ukuta. Ndoo za rangi hazijafunguliwa. Ngazi bado imelala sakafuni. Ana kipande cha msasa alichokikunja mara nne, na anasugua mahali pamoja tu, duara lisilozidi kifuniko cha soda, huku vumbi likibadilika rangi vidoleni mwake.

"Sogea uone," anamwita mwandishi bila kugeuka. "Usiogope vumbi. Hiyo suruali yako hata ikichafuka haitapungukiwa kitu."

Mwandishi anasogea, suruali na yote. Ndani ya duara kuna pete: ya nje krimu, inayofuata kijani, kisha bluu iliyopauka, kisha nyeupe, na katikati lipu tupu.

"Hesabu."

"Nne."

"Basi. Watu wanne wameingia humu na wanne wametoka. Mtu akihama, chumba kinapakwa, anaingia mwingine. Mimi sina haja ya kumuuliza mwenye nyumba. Ukuta hauna aibu, ukiusugua unasema."

Mafundi wenzake nao husugua nyuma ya mlango, ila wao ni kwa sababu ya kazi tu. Wanataka kujua kama chini ya rangi ya maji kuna rangi ya mafuta, isije rangi mpya ikabanduka baada ya wiki mbili na fundi akatukanwa na ukoo mzima. Huyu mama amekwenda mbali zaidi. Kwake hicho kitundu ni cheti cha kuzaliwa cha chumba.

Mtaani anaitwa Bi Msasa. Wapo wanaosema ni kwa ajili ya kipande hicho kisichotoka mfukoni mwake. Wanaomfahamu vizuri wanasema ni ulimi.

Ana miaka hamsini na minne, na kwa miaka kumi na tisa amepaka rangi nyumba za kupangisha za watu wengine. Alianza alipofiwa na mumewe, ambaye ndiye aliyekuwa fundi. Alirithi ngazi, brashi sita na koti la kazi la kijivu linalomfika magotini. Koti hilo analo mpaka leo, ingawa ukijivu wake siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi.

"Ndugu wa marehemu walichukua redio na baiskeli," anasema. "Brashi wakaniachia. Hawakujua kipi ni kipi."

Anacheka, anachukua rola, anaanza kupaka. Hapo ndipo mwandishi anapoona kitu ambacho hakukitegemea. Mkono wa kulia unapanda vizuri mpaka usawa wa bega, halafu unakwama. Bi Msasa anausindikiza kwa mkono wa kushoto kama mtu anayemsaidia mgonjwa kupanda kitandani. Anavuta mstari mmoja, anashusha, anapumua.

"Daktari ameniambia bega limelika ndani," anasema. "Nikamuuliza, nifanyeje? Akasema, acha kuinua mkono. Nikamwambia, daktari, mimi ni fundi rangi. Akasema, ndiyo maana nakuambia."

Dari amekwishaacha kupaka. Kuta amejipa mwaka mmoja, labda na nusu. Baada ya hapo lazima kitu kingine kimlishe, na kitu hicho amekiwekea akiba kwa miaka yote kumi na tisa. Anataka kununua nyumba ya kupangisha. Moja tu, kwa sababu fedha yake ni ya moja. Akikosea hiyo moja, hakuna bega la kuanzia tena.

Na hapo ndipo kichwa chake kinapozunguka kama pia.

Bi Msasa hahesabu kwa noti. Anahesabu kwa siku za kazi. Ukimuuliza bei ya kitu chochote, viatu au jokofu, atakujibu kwa siku. Kwa mwezi, akijaliwa, hupata siku kumi na tano za kupaka rangi. Katika hizo, siku nane zilikwenda benki, saba zikamlea yeye na binti yake. Siku nane kila mwezi, miaka kumi na tisa: zimefika elfu moja na mia nane na ushee.

Kwa siku hizo, dalali amemwonyesha nyumba mbili, na bei zake zinalingana kana kwamba wenyewe walikaa kikao.

Ya kwanza iko kwenye mtaa ambao Bi Msasa anauita mtaa wa vyumba. Ni vyumba sita vilivyopangana kuzunguka ua mmoja, choo kimoja, bomba moja. Kila chumba hulipa kodi ya siku tatu. Vikijaa vyote ni siku kumi na nane kwa mwezi, bila kugusa brashi.

Ya pili iko ng'ambo ya barabara kuu, mtaa wa mageti. Huko kila nyumba ina geti lake na namba yake. Hii ni nyumba moja ya vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko la ndani na vigae. Mpangaji mmoja, kodi ya siku kumi na nne.

"Sasa nambie wewe uliyesoma," anamgeukia mwandishi, rola mkononi. "Kumi na nane na kumi na nne, kubwa ni ipi?"

"Kumi na nane."

"Hata mjukuu wa jirani angejibu hivyo. Lakini rahisi inavunja upishi, si ndivyo wanavyosema? Mtaa wa vyumba mtu anaweza kuhama alfajiri na kitasa chako mfukoni. Mtaa wa mageti watu wana ajira. Lakini mwenye ajira akihama, nabaki na sifuri. Vyumba sita haviwezi kuhama vyote siku moja. Au vinaweza?" Anachovya rola kwenye rangi. "Unaona? Nikianza asubuhi naishia jioni pale pale nilipoanzia. Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi ana miguu minne."

Hajakosa washauri. Binti yake, karani wa shule, anataka mageti. Dalali anataka chochote, mradi iwe wiki hii. Ni kijana mwenye simu mbili na viatu vinavyong'aa hata kwenye tope, na amempa mama wa watu mpaka Ijumaa. Anasema kuna mteja mwingine, mtu wa benki, ambaye ameshika kalamu.

Wiki iliyopita Bi Msasa aliamua kuachana na washauri wote na kuwauliza kuta zenyewe. Alikwenda mtaa wa vyumba na msasa wake, akajidai anapima ukubwa, akasugua nyuma ya milango mitatu. Akakuta pete mbili. Mlango wa pili, mbili. Wa tatu, mbili. Nyumba ya miaka kumi na tano, rangi mbili tu.

Kisha akaenda mtaa wa mageti, akasugua nyuma ya mlango wa sebule. Pete tisa. Nyumba ina miaka kumi na moja.

"Nilishika kichwa," anasimulia. "Nikasema, kumbe! Hapa penye vigae watu wanakimbia kila mwaka, kule penye choo kimoja watu wametulia kama wamezaliwa pale. Dalali hakuniambia, binti yangu hakujua. Ukuta umesema."

Basi alikuwa amekata shauri. Kesho yake baada ya mazungumzo haya, Jumatano, angekwenda mtaa wa vyumba mara ya mwisho, kisha Ijumaa atoe fedha ya kishika uchumba. Alimkaribisha mwandishi aje kushuhudia. Mwandishi, ambaye naye ni mpangaji na hajawahi kushuhudia mtu yeyote akigeuka kuwa mwenye nyumba, alikubali upesi.

Jumatano, saa nne asubuhi, ua wa vyumba sita una kamba mbili za nguo na harufu ya sabuni. Mama mmoja kijana anafua kwenye beseni karibu na bomba. Vyumba vinne vina kufuli, kimoja kiko wazi na ni chake, na cha mwisho ni kitupu.

"Shikamoo, mama," anasema mfuaji.

"Marahaba, mwanangu. Hongera."

"Hongera ya nini tena?"

"Ya kukaa. Nimeona hapa kwenu mtu akiingia hatoki."

Mfuaji anamtazama kuhakikisha kama anataniwa. Halafu anaangua kicheko mpaka povu linamrukia shavuni.

"Mama yangu! Mimi nina miezi minne hapa. Na mimi ndiye mzee wa ua."

Bi Msasa anatabasamu kama mtu aliyesikia vibaya. "Miezi minne? Na hizi kuta zenye rangi mbili?"

"Kwani nani anapaka? Huyu anatoka asubuhi, mwingine anaingia mchana. Unakuja na godoro lako, unakuta moshi wa mwenzio ukutani, unabandika magazeti, maisha yanaendelea. Karibu ndani uone."

Ndani, kweli, ukuta mzima wa kushoto ni magazeti. Mwandishi anaikuta makala yake mwenyewe ya mwaka juzi, imebandikwa kichwa chini, na inazuia upepo vizuri kuliko ilivyowahi kufanya kazi nyingine yoyote.

"Kama unataka kuhesabu watu," mfuaji anaendelea, akijifuta mikono, "usihesabu ukuta. Hesabu hapa."

Anashika mlango wake na kuufungua wote. Kila anayeingia hapa, anaeleza, hung'oa komeo la aliyemtangulia na kugongomea la kwake, kwa sababu nani atalala nyuma ya komeo ambalo mtu mwingine ana ufunguo wa kufuli lake? Komeo la zamani likitoka, matundu hubaki. La jipya haliwezi kushika kwenye tundu bovu, kwa hiyo hupanda juu kidogo au kushuka chini kidogo.

Kwenye fremu ya mlango matundu yamepangana mawili mawili, mengine yamezibwa kwa sabuni, mengine kwa vijiti vya kiberiti. Bi Msasa anayahesabu kwa kidole. Midomo yake inacheza bila sauti. Akifika mwisho anarudia tangu mwanzo.

"Jozi kumi na moja," anasema hatimaye. "Mlango huu una miaka mingapi?"

"Ulibadilishwa miaka sita iliyopita, nimesikia. Wa kwanza ulioza."

Watu kumi na mmoja, miaka sita, na rangi mbili. Kitundu cha msasa alichokichimba wiki iliyopita kiko hatua moja tu kutoka kwenye fremu hiyo. Alipiga magoti hapo hapo, mwenye chumba akiwa sokoni na mlango ameuacha wazi. Mlango ulikuwa ukimgusa bega.

"Sikuutazama," anamwambia mwandishi, na sauti yake imepungua. "Mlango si kazi yangu. Mlango ni wa seremala. Miaka kumi na tisa nikiona mlango nauzungushia karatasi usichafuke, basi. Ee Mungu wangu. Ningetoa fedha Ijumaa."

Anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Ni mwandishi anayeuliza kwa nini wapangaji huhama. Mfuaji anaonyesha kwa kidevu ukuta wa nyuma wa chumba. Ni ukuta pekee usio na gazeti, usio na msumari, usio na kitu.

"Mvua. Ikianza, ukuta ule unalia. Ukitundika hata taulo, linaota ukungu. Watu wanavumilia wiki mbili tatu, mtoto anaanza kukohoa, wanatafuta kwingine. Kiangazi kikija, kwa kuwa kodi ni ndogo, wanakuja wengine wasiojua. Mimi mwenyewe nilikuja kiangazi."

"Na mwenye nyumba?"

"Mwenye nyumba tunamjua kwa sauti. Anapiga simu tarehe moja." Anarudi kwenye beseni lake, halafu anageuka. "Kwani ni wewe unayenunua? Ukinunua, utatupaka rangi?"

Bi Msasa anainuka kutoka kwenye ndoo. Anaaga.

Kama hadithi ingekuwa nyepesi, hapo angevuka barabara kuu na kuikimbilia nyumba ya mageti. Alivuka kweli, tena kwa haraka kiasi kwamba mwandishi alibaki upande wa pili akisubiri magari. Safari hii hakutoa msasa. Alimfuata mlinzi wa geti la jirani, mzee mwenye kofia ya sufu, akamwamkia, akamuuliza moja kwa moja: hapa wamepita wapangaji wangapi?

"Wapangaji?" mzee akashangaa. "Alikuwa mmoja tu. Mwalimu mstaafu. Miaka tisa."

"Rangi tisa, mtu mmoja?"

"Aliandikishana na mwenye nyumba. Kila mwisho wa mwaka nyumba ipakwe. Mwalimu alikuwa hapendi alama ya mkono ukutani. Hata mimi nikija kumsalimia nilikuwa nasimama katikati ya sebule."

Bi Msasa akashika geti. Kule alikodhani watu wanakimbia, mtu amekaa miaka tisa. Kule alikodhani watu wametulia, wanakimbia kila mvua. Alikuwa amesoma kitabu chote kichwa chini, kama makala ile ya ukutani.

"Basi hii ndiyo ya kununua!" akasema, karibu kwa furaha.

Mzee akakuna kichwa chini ya kofia. "Mwalimu alichukuliwa na mwanawe miezi mitano iliyopita. Nyumba iko tupu. Wanakuja watu, wanaitazama, halafu wanatazama ile." Akaonyesha juu ya ukuta wa mpaka. Jengo jipya la ghorofa nne limesimama hapo, balkoni zake zote zinachungulia uani. "Kodi ile ile, tangi la maji juu, kila kitu kipya. Na limekata jua lote la huku. Mpangaji gani atakuja kukaa kivulini?"

Miezi mitano tupu. Kwa hesabu ya Bi Msasa hizo ni siku sabini za kazi zilizopotea bila mtu kuinua brashi.

Wakarudi mpaka kituoni. "Jana nilikuwa mjinga mwenye uhakika," akasema. "Leo najua mambo mengi na sijui nifanye nini. Bora jana."

Alhamisi, mwandishi anakaribishwa nyumbani. Bi Msasa na binti yake wamepanga vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya shule. Binti, karani, ana miaka ishirini na minane na kauli ya mtu aliyezoea kuwauliza wazazi risiti.

"Mama, mageti bado ni mageti," anasema. "Mpangaji mmoja, simu moja, heshima. Punguza kodi kidogo atapatikana. Kule utagombana na watu sita juu ya bomba moja mpaka uzeeke."

"Nimeshazeeka. Na ghorofa nitalihamisha?"

"Na mvua utaihamisha?"

Wanatazamana. Ni wazi mazungumzo haya yamefanyika mara nyingi na hayajawahi kufika popote.

"Mimi sitaki ununue mahali utakapokwenda kupaka rangi," binti anasema ghafla. "Hicho tu. Nimechoka kukusikia ukilia usiku unapojigeuza. Nunua mahali utakapokaa chini."

Mwandishi anatafuta mahali pa kuweka macho, na macho yanatua nyuma ya mlango. Anauliza, kwa utani, kama huu ukuta nao umewahi kusuguliwa.

Bi Msasa anainuka bila neno, anatoa msasa, anapiga magoti. Dakika moja inatosha. Pete ni moja, krimu, halafu lipu.

"Tumekaa hapa miaka kumi na miwili," binti anasema polepole. "Na kabla yetu alikuwepo fundi saa. Na kabla yake..."

"Kinyozi hajinyoi," anasema Bi Msasa. Amebaki amepiga magoti. "Hata siku moja sikuupaka ukuta wangu, na hakuna aliyeupaka tena tangu rangi ya kwanza. Naamka kila siku nautazama. Halafu nakwenda kwa watu kusema rangi mbili ni watu wawili." Anaanza kucheka, na kicheko kinachukua muda kuisha, na kinapoisha anajifuta macho kwa mkono wa koti. "Nilikuwa nasoma wenye nyumba, mwanangu. Rangi ni habari za mwenye nyumba. Mpangaji yumo kwenye mlango."

Ijumaa saa tano, dalali anasubiri kwenye mgahawa akiwa na karatasi na kalamu. Anamvutia Bi Msasa kiti.

"Mama yangu, mageti au vyumba? Mteja wa benki amenipigia mara mbili asubuhi hii."

"Mpe salamu zangu. Mimi nataka kile chumba kitupu."

"Unanunua vyumba? Hongera sana, utaona..."

"Sijasema nanunua. Nataka kupanga."

Dalali anacheka, akingoja utani uishe. Hauishi. Bi Msasa anamweleza taratibu kama anayemfundisha mtu kuchanganya rangi. Atalipa kodi ya miezi mitatu kwa chumba hicho kimoja, siku tisa za kazi, na atalala humo mvua zote. Mvua zikiisha atasema ndiyo au hapana. Na ikiwa ndiyo, bei watazungumza upya, kwa sababu mwenye nyumba hakumwambia kuhusu ukuta wa nyuma.

"Mama, mnunuzi hapangi! Nimeuza nyumba miaka saba, sijaona."

"Na mimi nimepaka nyumba miaka kumi na tisa, sijaona mbuzi akitolewa kwenye gunia kabla hajalipiwa. Leo huyu atatoka tumwone. Mpigie mwenye nyumba."

"Na mteja wa benki?"

"Akanunue. Kalamu si ameshika mwenyewe?"

Dalali anatoka nje na simu yake moja, kisha na ile ya pili. Anarudi baada ya robo saa amepoteza mng'aro kidogo. Mwenye nyumba amekubali. Tangazo la kuuza nyumba lina miezi minane, na mteja wa benki, inaelekea, amerudi benki.

Mwandishi anamuuliza Bi Msasa kwa nini vyumba na si mageti.

"Sina hakika, andika hivyo hivyo. Lakini kule mageti ugonjwa uko nje ya nyumba. Ni lile ghorofa. Siwezi kulikwangua. Huku ugonjwa uko ndani ya ukuta, na kuta nimeishi nazo. Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Anaongeza, "Japo hata hili zimwi naona halinijui sana."

Jumapili, saa tisa alasiri. Mawingu yamekaa chini na hewa ni nzito. Bi Msasa anahamia chumba cha sita akiwa na godoro, sufuria mbili, kiti, komeo jipya na nyundo. Brashi ameziacha nyumbani. Binti amebeba godoro kichwani na uso wake umenuna, lakini amelibeba.

Mfuaji wa Jumatano yuko mlangoni pake. "Mama! Kumbe umekuja kuwa mwenzetu?"

"Nimekuja. Wewe si mzee wa ua? Nipokee."

"Na rangi je?"

"Rangi tutaisema mvua ikiisha. Siwezi kukupaka uongo juu ya maji."

Komeo linakwenda kwenye fremu, kati ya matundu ya waliotangulia. Kisha Bi Msasa anavua koti lake la kazi, lile la marehemu, lenye matone ya kila nyumba aliyowahi kupaka, na anasogea kwenye ukuta wa nyuma, ambao humu pia haujatundikwa kitu. Anatoa msumari. Mkono unapanda mpaka begani na kukwama.

Binti anamtazama. Anauchukua msumari, anaichukua nyundo.

"Hapa?"

"Juu kidogo. Hapo."

Anagonga mara nne. Wanalitundika koti, linashuka na kulala juu ya lipu, pindo lake karibu na sakafu.

"Mvua ikipita, nalipima," anasema Bi Msasa. "Likilowa pindo tu, maji yanatoka chini. Nitachimba mfereji nyuma, nitapiga lipu mpya, hiyo naiweza hata kwa mkono mmoja. Nanunua. Halafu vyumba vyote sita navipaka, nivipake mimi sehemu ninayofika."

"Na likilowa mpaka mfukoni?" binti anauliza.

"Likilowa mpaka mfukoni, maji yanatoka kwenye kile kilima cha nyuma ya nyumba. Hapo siwezi. Tunafunga godoro."

"Na sehemu usiyofika, nani atapaka?"

Bi Msasa anaitazama nyundo iliyo bado mkononi mwa bintiye, na binti naye anaitazama, kisha anaiweka chini kwa uangalifu.

Nje mtu anapiga kelele kwamba matone yameanza. Ua mzima unatoka mbio kuanua nguo, mfuaji mbele, na binti anakwenda kuwasaidia. Bi Msasa anavuta kiti chake, anakigeuza kuelekea ukuta wa nyuma, anakaa kulitazama koti.